Mbegu Zilizolala Kwenye Friji la Chanjo

Mjukuu wa Bwana Masalu alisoma wasifu wa babu yake vizuri sana, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito, hakubabaika, alijua pa kutua. Tulikuwa chini ya turubai nyumbani kwa marehemu, Nyegezi, tumeshakula, watu wanachokonoa meno wakisubiri muda wa kwenda makaburini. Alisoma shule alizopita marehemu, vyeo alivyoshika, safari zake za masomo katika nchi za baridi. Halafu akafika pale: kwamba marehemu, alipokuwa mkuu wa kituo cha miche karibu na Usagara, alikuwa mtu wa kwanza kuotesha lailaki kutoka kwenye mbegu katika ukanda huu wa ziwa, kwa akili yake mwenyewe, na kwamba maua yale ya zambarau yalikipendezesha kituo kwa miaka mingi. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akasema polepole, "Kumbe." Mimi nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nina miaka sitini na minne, nina shinikizo la damu, daktari amenikataza hasira, na nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki nikitamani kumnyang'anya yule kijana karatasi.

Maua gani? Lailaki zile hazikutoa ua hata moja. Na akili iliyoziotesha haikuwa yake. Mwaka wa pili ninaandika kumbukumbu hizi, na mwaka ule wa kituoni nimeuruka kila nilipoufikia. Niliandika, "Baada ya shule nilifanya kazi kidogo kwenye kitalu, kisha nikapata nafasi ya chuo," nikaendelea na mambo mengine. Mstari ule ni wa mtu mwoga. Leo ninauandika mwaka wenyewe, na nikishamaliza watoto wangu wanaweza kunifikiria watakavyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipofika kituoni na sanduku langu la bati. Walinipa kitanda katika chumba kilichokuwa nyuma ya stoo, chumba kinachonuka magunia na samadi, chenye dirisha moja dogo linalotazama mkono wa ziwa. Kitanda cha pili kilikuwa cha Mama Kwandu. Alikuwa ameolewa kijiji cha jirani, lakini umwagiliaji ulianza alfajiri, kwa hiyo siku za kazi alilala kituoni na Jumamosi alirudi kwake, kwa mume wake na binti yake Kwandu, aliyekuwa na miaka sita. Yeye alikuwa na miaka kama thelathini na tano, na mimi wakati ule nilimwona mzee. Hakujua kusoma wala kuandika. Kwenye orodha ya mahudhurio aliweka dole gumba. Lakini ukimpa mbegu ya mkangazi angeiuma kidogo kwa meno ya mbele, akakwambia kama ni hai au imekufa. Mimi ndiye niliyeshika daftari la kitalu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri: leo tumepanda hiki, leo kimeota hiki, leo kimekufa hiki. Yeye alisema, mimi nikaandika. Asubuhi tulikula matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na jioni ugali wa udaga, yaani unga wa mihogo, na samaki aliyeletwa na wavuvi. Mama Kwandu aligawa samaki, na kila siku kichwa alinipa mimi. Alisema msichana anayeandika siku nzima anahitaji kichwa. Mpaka leo sijui kama lilikuwa neno la utani au aliamini kweli.

Bwana Masalu alirudi kutoka masomoni kabla ya mvua za vuli. Alikuja na koti zito ambalo hakulivaa hata siku moja, redio, na mfuko mdogo wa karatasi wenye mbegu za lailaki. Lailaki ni kichaka cha nchi za baridi. Maua yake ni ya zambarau iliyofifia, yamesongamana kama shuke la mtama, na wanaoyajua wanasema harufu yake inaijaza nyumba. Kule alikosoma yalikuwa kila uani. Sasa wafadhili wa kituo kutoka nchi hiyohiyo walitarajiwa kuja mwaka unaofuata, na yeye alitaka wakishuka garini wakute maua ya kwao yameota Usagara. Alituita barazani akatuonyesha mbegu zenyewe, nyembamba, za kahawia, zenye ukingo laini kama mbegu ya jakaranda lakini ndogo kuliko ile. Mama Kwandu akaichukua moja, akaiweka ulimini, akasema iko hai. Tulipanda nusu yake kwenye udongo mzuri uliochekechwa, tukamwagilia, tukangoja. Wiki nne, wiki sita. Hakuna kilichotoka. Bwana Masalu alikuja kila asubuhi akainama juu ya vitanda vile, akainuka amekunja uso, na kila alipoinuka alitafuta mtu wa kulaumu. Mara maji yamezidi, mara maji ni machache, mara mbegu zimekwenda chini mno.

Siku moja alikuwa barazani na mgeni kutoka mjini wakinywa chai, na Mama Kwandu akapita na ndoo. Akasimama. Nilikuwa mlangoni na daftari, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee, samahani," alisema. "Huko kwao, mbegu hii ikidondoka, inakutana na nini?"

"Inakutana na nini vipi?"

"Yaani inaangukia wakati gani? Mvua, jua, au nini?"

Bwana Masalu alimtazama yule mgeni kwanza, kama mtu anayeomba radhi. "Inadondoka, halafu inakuja baridi kali. Ardhi inakuwa barafu miezi kadhaa."

"Basi inalala kwenye balidi kwanza," alisema Mama Kwandu. "Haiwezi kuamka kama haijalala. Tuitafutie balidi."

Alisema "balidi" kama wengi wetu wa kule tunavyosema. Bwana Masalu akacheka. Akamgeukia mgeni, akasema, "Mama anataka balidi. Tumwagizie balidi," na wote wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Bwana Masalu mwenyewe alizaliwa Magu. Mama yake, aliyekuja kituoni mara mbili kumtembelea, alisema "balidi" hivyohivyo. Mama Kwandu aliinua ndoo yake akaenda kumwagilia. Hakuonekana kuudhika. Mimi pia nilitabasamu kidogo pale mlangoni, kwa sababu mkuu wangu alikuwa anacheka. Sasa ninapoandika, ni lile tabasamu langu linalonitia hasira kuliko kicheko chao.

Baada ya siku tisa, na hizo nilizihesabu, Bwana Masalu alituita ofisini. Alisema amefikiri sana. Alisema mbegu hizi zinahitaji kipindi cha baridi na unyevu, miezi miwili hivi, ndipo zipandwe. Mama Kwandu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mzee." Baridi pekee iliyokuwepo kituoni ilikuwa ndani ya friji la mafuta ya taa katika chumba cha mifugo, ambamo bwana mifugo alihifadhi chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe kwa ajili ya vijiji vya pale. Bwana mifugo alikuwa likizo. Funguo zilikuwa kwa Bwana Masalu. Tukaenda wote watatu, akafungua, na friji lilikuwa limejaa chupa ndogo za kahawia.

"Toeni hizi," alisema.

Mama Kwandu hakusogea. "Mzee, hizo ni dawa za ng'ombe. Zimewekwa humo kwa sababu."

"Ni siku chache."

"Mbegu inataka miezi miwili, umesema mwenyewe. Tuziweke kwenye kopo moja la mchanga, tulipenyeze pale pembeni. Kopo moja linatosha."

"Kule wanatumia trei," alisema Bwana Masalu. "Mchanga mwembamba, mbegu zimetandazwa, kila trei ina namba. Hatufanyi mambo ya makopo hapa. Minza, toa chupa."

Nikazitoa. Mikono iliyozitoa ni hii ninayoandikia. Nilizipanga kwenye sanduku la mbao, nikaliweka chini ya meza, na Mama Kwandu, aliyeona kwamba hakuna la kufanya, akaenda kuchota maji akalowanisha gunia na kulifunika sanduku. Kila asubuhi alilowanisha tena lile gunia. Mle ndani mlikuwa na bati juu, hakuna dari, na mchana joto lake lilikuwa kama la jikoni. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: "Kwa amri ya Mkuu, chupa za chanjo zimetolewa kwenye friji, trei nane za lailaki zimeingizwa." Siku hizo chache zilifika wiki tatu. Siku moja kabla bwana mifugo hajarudi, Bwana Masalu alikuja mbio, akatuambia tuzikusanye mbegu zote kwenye kopo moja la maziwa ya unga, tulipenyeze pembeni, na chupa zirudi mahali pake. Kopo lilienea vizuri kabisa, kama Mama Kwandu alivyosema tangu mwanzo. Mama Kwandu aliniuliza tukiwa tunafunga mlango, "Atamwambia bwana mifugo, sivyo?" Nikajibu, "Atamwambia." Tuliamini hivyo, au tulitaka kuamini.

Miezi miwili ilipotimia tulizipanda. Siku ya kumi na sita Mama Kwandu alikuja kuniita nikiwa napiga mswaki, akanishika mkono akanivuta. Kulikuwa na miche mitatu, kila mmoja na majani mawili madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Alipiga magoti akaitazama kwa muda mrefu. Mwisho wa wiki ilifika arobaini na kitu. Siku ile alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima juu ya jambo la kazi. Alisema nimwandikie hata mume wake, ingawa kwake palikuwa mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Nikaandika kikaratasi, "Zimeota," na Jumamosi akakibeba mwenyewe.

Wafadhili walikuja, wakapiga picha. Nilipeleka chai ofisini, na nje ya mlango, sinia mkononi, nikamsikia Bwana Masalu akimsimulia mmoja wao aliyejua Kiswahili. "Nilijiuliza, mbegu hii ikidondoka kule kwenu, inakutana na nini? Nikasema, inakutana na baridi. Basi haiwezi kuamka kama haijalala." Neno kwa neno. Alilibadilisha "balidi" tu. Mama Kwandu alikuwa anafagia chini ya dirisha na yeye alisikia. Usiku ule kabla ya kulala nilimuuliza haoni uchungu? Akasema, "Acha ajisifu. Zimeota." Nilimwona mjinga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimwona mjinga.

Ng'ombe walianza kukohoa mwanzoni mwa kiangazi. Bwana mifugo alikuwa amezunguka vijijini na kuwachanja, watu wakiwa na amani, lakini chanjo iliyopata joto haikingi tena, na ng'ombe waliochanjwa wakafa kama wasiochanjwa. Kwa watu wa pale ng'ombe ni mahari ya mtoto, ni ada ya shule, ni jina la baba. Nyumba iliyoumia kuliko zote ilikuwa ya mume wa Mama Kwandu na mdogo wake, Shija, kwa sababu mifugo yao ilikuwa zizi moja. Mama Kwandu alirudi Jumatatu moja uso wake umebadilika. Alisema zizi limebaki na ndama wawili. Alikaa kitandani, akasema, "Minza, ni zile chupa." Nikasema pengine siyo. Akasema, "Ni zile chupa, na tunajua."

Ilikuja kamati kutoka wilayani, wanaume wanne. Bwana mifugo aliwaonyesha chupa zilizobaki: karatasi zake zilikuwa zimebanduka kwa maji ya gunia, na chupa iliyokaa kwenye friji haibanduki hivyo. Kwa hiyo walijua zilitolewa. Swali lilikuwa nani alizitoa na kwa amri ya nani. Asubuhi ya siku ya mahojiano Bwana Masalu aliniita peke yangu. Mezani kulikuwa na fomu yangu ya kuomba chuo cha misitu, imejazwa yote isipokuwa sahihi yake.

"Minza," alisema kwa upole, "wewe ndiye uliyezibeba zile chupa. Unakumbuka?"

"Uliniamuru, mzee."

"Sikukatalii. Lakini wakiuliza ni mikono ya nani, tutasema ya nani? Ng'ombe wa watu wamekufa. Wewe bado msichana mdogo, una maisha." Akaisogeza fomu kidogo, kama mtu anayepanga tu meza yake. "Nadhani siku ile hukuwepo. Nadhani Mama Kwandu alifanya kwa kutaka mbegu zake ziote, hakujua madhara. Mtu asiyesoma halaumiwi sana. Lile daftari lina ukurasa umechafuka. Uandike upya."

Nililichukua daftari. Nilikwenda nyuma ya stoo, nikachana ukurasa ule, nikaandika mwingine ambao haukutaja chupa wala amri. Ule wa zamani niliutia kwenye jiko la kuni chini ya sufuria ya maji. Nikaingia mbele ya kamati nikasema siku hiyo sikuwepo, nilikuwa mjini. Mama Kwandu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani. Alikwisha kuwaeleza kila kitu, na mwisho wa maelezo yake alikuwa amesema, "Muulizeni Minza, yeye ameandika." Waliniuliza. Wakafungua daftari, wakalisoma, wakalifunga. Mama Kwandu alinitazama. Hakunikaripia, hakulia. Alinitazama kama anavyotazama mbegu aliyokwisha kuiuma.

Walimfukuza kazi siku ileile. Nilipoingia chumbani alikuwa ameshafunga kanga zake na sufuria yake ndogo. Alisema, "Kaa salama," akatoka. Juu ya sanduku langu alikuwa ameacha matobolwa na karanga kwenye bakuli, sehemu yangu ya asubuhi ambayo sikuwa nimekula. Nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala yote. Kijijini, habari ilikuwa imemtangulia: mke wa kaka yao amewaua ng'ombe kwa ajili ya maua ya Wazungu. Ukoo wa mume ukakaa kikao, ukamwondoa. Kwandu alibaki, kwa sababu mtoto ni wa baba, na alilelewa na shangazi zake akiambiwa kila siku mama yake alifanya nini. Mimi nilipata sahihi. Nilikwenda chuo, nikawa ofisa misitu, nikastaafu kwa heshima, nikapewa cheti chenye fremu. Zile lailaki zilikua vichaka vya majani, virefu, vyembamba. Huko kwao kichaka chenyewe kinahitaji baridi kila mwaka ili kichanue, siyo mbegu tu, na Usagara hakuna baridi hiyo. Nilijifunza hilo chuoni, mwaka wa kwanza, katika somo la saa moja. Bwana Masalu alikuwa amesoma miaka miwili na hakujua, au hakuuliza. Mchwa wakaja wakamaliza kazi.

Sasa nirudi chini ya turubai, kwa sababu bado sijasema jambo lenyewe. Baada ya wasifu, mwongoza shughuli alinyanyua kipaza sauti akatangaza kwamba yupo mwanafunzi wa marehemu aliyetoka mbali, naye atasema maneno machache. Alikuwa ananitaja mimi. Nilisimama. Njia nzima mpaka kwenye kile kipaza sauti nilikuwa na maneno yangu tayari, yamepangana, yanachoma. Nikaona mjane kwenye godoro, wanawe, mapadri wawili, simu zilizoinuliwa kurekodi. Nikasema, "Alikuwa mtu aliyependa kazi. Mimi alinifungulia njia. Mungu amlaze mahali pema." Wakasema amina. Nikarudi kukaa. Miaka arobaini na mitano, hakuna fomu mezani, mtu mwenyewe yuko kwenye jeneza hawezi kunifanya lolote, na bado nilisema sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda pale nikimchukia Masalu. Nilipokaa, chuki yote ilikuwa imehamia kwangu mwenyewe.

Sikwenda makaburini. Kesho yake niliuliza huku na huku alipo Mama Kwandu, na kabla ya saa sita nilikuwa Kisesa, nyuma ya maduka ya vyuma, mbele ya nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma. Aliyenifungulia ni Kwandu, mwanamke wa makamo sasa. Alipokwisha kuolewa alimtafuta mama yake, na tangu hapo wako pamoja. Hakunijua. Mama Kwandu alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua choroko kwenye ungo. Amekuwa mdogo, mweupe kichwa kizima, lakini vidole vyake bado vilikuwa vinakimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Minza."

Vidole vikasimama, kisha vikaendelea. "Minza wa kituoni."

"Ndiyo."

"Kaa."

Nilikaa nikamwambia yote: fomu, ukurasa, jiko, na hata maneno ya jana yake kwenye kipaza sauti. Nililia, naye hakunikataza wala hakunibembeleza. Nilipomaliza nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Unataka nikupe leo leo?" aliuliza. Hakuwa anadhihaki, aliuliza kweli. "Waliponifukuza nilikaa kwa dada yangu pale Usagara wiki nzima. Kila siku nilimwambia, Minza anajua kuandika, ataandika. Akiogopa kusema ataandika. Gari la barua lilipokuja nilitoka nje. Wiki ilipokwisha nikaacha." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Wasiojua ni wale walionitoa. Mume wangu amekufa hajui. Shemeji Shija bado yuko. Nenda ukamwambie yeye, na watu wakiwepo."

Nilikwenda kwa Shija Jumapili, baada ya ibada, wakati watu wa nyumba ile wamekusanyika. Mzee Shija alikuwa kwenye kiti cha uvivu kibarazani, fimbo kati ya magoti. Niliamkia, nikajitambulisha, nikaomba ruhusa ya kusema nikiwa nimesimama. Safari hii nilisema. Nilisema nani alitoa amri na nani alibeba chupa, na nani kati ya wote alisema tusizitoe. Vijana walikuwa hawajui hata habari ya ng'ombe hao, wakawa wananitazama mimi na kumtazama babu yao. Mwanamke mmoja mzee, mmoja wa wale shangazi waliomlea Kwandu, aliinuka akaingia ndani, na hakutoka tena nilipokuwa pale.

Mzee Shija aliigeuza fimbo yake. "Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Na ulipofika ishirini? Na thelathini? Na ulipokuwa ofisa, una gari la serikali, unapita barabara hii hapa chini?"

Niliitazama barabara ile.

"Kaka yangu alipokuwa anakufa alimtaja," alisema. "Alisema aitwe. Mimi ndiye niliyesema asiitwe. Mimi, Shija. Nilisema hapa haingii." Sauti yake ilipanda, akaiinua fimbo, nilifikiri atanipiga, na ningekubali. Badala yake alimwita mjukuu wake mmoja amletee viatu na koti. "Wewe umekuja na gari?"

"Ndiyo, mzee."

"Twende."

Njiani alitazama mbele tu, mikono juu ya fimbo, midomo inacheza kama mtu anayepanga maneno na kuyakataa. Kisesa nilimshika mkono kushuka, akautoa mkono wangu. Alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, akavua kofia.

"Hodi, shemeji," alisema. "Ni Shija."

Tukasikia ungo unawekwa chini, kisha hatua zake za polepole, na Mama Kwandu akatokea kwenye kizingiti. Walitazamana. Mzee yule alianza kusema kwa Kisukuma, akakwama, akaanza tena, akakwama. Mama Kwandu alimwachia nafasi ya kupita.

"Karibu ndani, Shija," alisema. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa tayari nimeinua mguu. "Wewe baki nje."

Nikabaki nje.